AA Tupu, Alama 76: Maswali Yenu Kuhusu Kahawa ya Mashindano

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Dar es Salaam, ila mibuni inayozungumzwa iko Mbinga, Mbozi, Rombo na Muleba. Ndivyo mambo yalivyo siku hizi: mzee yuko shambani, mtoto yuko mjini, na fomu ya mashindano inajazwa Tabata kwa simu. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Shikamooni. Baba yangu analima kahawa Mbinga, mibuni kama mia tisa. Msimu uliopita tulipeleka sampuli kwenye mashindano ya ubora ya mkoa. Ilikuwa AA tupu, punje nene, tumezichambua kwa mkono usiku kucha. Tukapata 76. Jirani yetu aliyepeleka mchanganyiko wa A na B kapata 84. Hapo hakuna mkono wa mtu? (Msomaji, Tabata Segerea)

JIBU: Marahaba. Kabla ya kumtafuta mchawi, tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila msimu. AA, A, B na C ni ukubwa wa punje. Kahawa iliyokobolewa hupitishwa kwenye machekeche, na ile inayobaki juu ya chekeche namba 18, ambalo tundu lake lina milimita 7 na kidogo, ndiyo AA. PB ni ile punje ya mviringo iliyoota peke yake ndani ya tunda badala ya kuwa mbili. Mpaka hapo hakuna aliyeonja kitu. Punje hunenepa kwa sababu mvua ilikuja tunda likiwa linajaa, mti haukubebeshwa kupita kiasi na mbolea ilikuwepo. Hayo yote ni mema, na baba apongezwe. Lakini punje nene iliyooza kwenye uvundikaji, yaani inapolazwa baada ya kumenywa ili utelezi unaoizunguka uachie, itaendelea kuwa nene na itaendelea kunuka.

Mezani kwa waonjaji hesabu ni nyingine. Fomu ambayo bado utaikuta sehemu nyingi ni ile ya mwaka 2004 ya chama cha kimataifa cha kahawa maalumu, SCA, ingawa tangu 2023 chama hicho kimeanza kuleta mfumo mpya. Ina vipengele 10, kila kimoja alama 10: harufu, ladha, ladha inayobaki baada ya kumeza, uchachu, uzito kinywani, mlingano, kufanana kwa vikombe, usafi wa kikombe, utamu, na maoni ya jumla ya muonjaji. Kahawa inayofika 80 ndiyo huitwa kahawa maalumu.

Sasa angalia mtego ulipo. Sampuli moja huandaliwa vikombe 5. Kufanana, usafi na utamu huhesabiwa kikombe kwa kikombe, alama 2 kila kimoja. Kikombe kimoja tu kikiwa na kasoro nzito, mathalani kinanuka uozo, unapoteza 2 za usafi na 2 za kufanana, kisha kasoro yenyewe hukatwa 4 nyingine. Jumla 8. Kahawa iliyostahili 84 imekuwa 76. Na kikombe hicho huwekwa gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji, yaani punje sitini na kitu. Punje moja mbovu kati ya hizo sitini inatosha.

Kwa hiyo huenda kahawa ya baba na ya jirani ni ndugu wa toka nitoke. Omba fomu zenu za alama, si cheti tu. Ukikuta vipengele vya ladha na uchachu viko 7.5 au zaidi huku usafi ni 8 na kufanana ni 8, shamba halina tatizo. Tatizo ni punje chache zilizoharibika njiani. Kuchambua usiku kucha hakukuzinasa, kwa sababu punje iliyovunda mara nyingi haitofautiani na wenzake kwa macho mpaka isagwe. Ilipaswa kuzuiwa kabla haijakauka, na jibu linalofuata linaeleza wapi.

SWALI: Tuna mashine ya mkono ya kumenya, ndoo na vichanja viwili. Tunataka kuandaa gunia moja la kilo 60 za kahawa safi (yaani iliyokwisha kobolewa) kwa ajili ya mashindano tu, nyingine iende chama cha msingi kama kawaida. Tufanye nini hatua kwa hatua? (Kimara, barua nne za aina hii)

JIBU: Anza na hesabu, maana wengi hukwama kwa kuchuma kidogo wakaishia kuchanganya siku. Matunda mbivu kilo 6 hutoa takriban kilo 1 ya kahawa safi. Gunia la 60 linahitaji kilo 360, na ukiondoa yatakayoelea na yatakayotupwa, chuma kilo 400. Mchumaji anayechagua kweli akifikisha kilo 40 kwa siku amefanya kazi, kwa hiyo tafuta watu kumi wa siku moja. Ukishindwa, gawa siku mbili, lakini kila siku ivundikwe na kuanikwa peke yake, ikiwa na kibandiko chenye tarehe. Uzichanganye zikiwa kavu, baada ya kuonja.

Tumia mchumo wa katikati ya msimu. Mchumo wa kwanza huwa na matunda mengi yaliyoiva kwa kulazimishwa na ugonjwa au jua, na wa mwisho huwa na masalia. Tunda liwe jekundu pande zote mpaka kwenye kikonyo. Lenye shavu moja la kijani halifai, litaleta ukakasi unaokausha ulimi. Mwaga chini kwenye turubai, chambua, kisha tia kwenye pipa la maji na uondoe yote yanayoelea. Yanayoelea usiyatupe, yaende na kahawa ya kawaida.

Menya siku hiyohiyo, ndani ya saa 8 tangu kuchuma. Kabla ya kumwaga ndoo nzima, jaribu viganja viwili. Maganda yakipita pamoja na punje, kaza mashine. Punje zikitoka zimekwaruzwa au kukatwa, legeza. Punje iliyokatwa hubadilika rangi ikiwa kwenye uvundikaji na hubeba ladha ya siki mpaka kikombeni. Usitegemee ulivyoifunga mwaka jana, ukubwa wa tunda hubadilika kila msimu kulingana na mvua.

Halafu osha mashine, na hapa tunaomba msisitizo wetu usichukuliwe kuwa ni wa kiusafi tu. Punje kumi zilizokwama kwenye kona ya mashine tangu jana zitaingia kwenye kahawa ya leo zikiwa zimevunda siku nzima zaidi ya wenzake. Hizo ndizo zinazoangusha kikombe kimoja kati ya vitano. Kasoro nyingi za aina ya barua ya Segerea huzaliwa hapo, na kwenye nyufa za hodhi la saruji lisilosuguliwa. Chukua brashi ngumu na maji, kila jioni, na uzungushe mpini mpaka maji yatoke meupe.

Kuvundika ni kuacha utelezi uachie. Tumia chombo cha plastiki kilichokuwa cha maji au hodhi laini, kamwe si pipa lenye kutu wala lililobeba dawa. Chuja maji yote, funika, na uache. Muda hutegemea baridi: saa 12 hadi 36 ni kawaida, na kule Mbozi mwezi wa saba unaweza kwenda mpaka 48. Usiamini saa ya ukutani peke yake. Chomeka mti mkavu katikati ya rundo kisha uuchomoe. Shimo likibaki wazi bila kujifunga, utelezi umeachia. Shika punje ukizisugue kwa viganja ndani ya maji. Zikikwaruza kama changarawe, osha papo hapo, hata kama ni saa nane za usiku. Watu hupoteza kahawa nzuri kwa kungoja kupambazuke.

Osha kwa maji safi mara tatu, ukiondoa zinazoelea tena. Ukiwa na maji ya kutosha, loweka saa 12 hadi 24 kwenye maji safi. Si lazima, ila husaidia kusawazisha. Maji machafu yaingie shimoni, mbali na mto. Ni makali na yanaua samaki.

Siku ya kwanza kichanjani ndiyo siku ya kuchambua. Tandaza tabaka jembamba kivulini penye upepo, na uondoe zilizokatwa, zenye maganda mekundu na zenye madoa, maana zikiwa mbichi huonekana wazi kuliko zikikauka. Kuanzia siku ya pili weka kina cha sentimita 2 hadi 3, geuza kila nusu saa au saa, na funika kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri jua likiwa kali. Usiku funika pia. Anayekausha kwa siku 5 hujiona mjanja. Ganda lake gumu hupasuka, nje hukauka huku ndani kungali na unyevu, na baada ya miezi miwili mitatu ladha hufifia ghalani. Siku 10 hadi 14 ni mwendo mzuri.

Simamia unyevu wa asilimia 11, usizidi 12 wala kwenda chini ya 10. Kipimo utakipata kwenye chama cha msingi. Pima asubuhi kahawa ikiwa imepoa, kwa kuchota sehemu tano tofauti za kichanja. Ukipima ikiwa ya moto kutoka juani, namba itakudanganya. Kisha ihifadhi ikiwa bado na ganda lake gumu, kwenye gunia safi juu ya chaga, mwezi mmoja au zaidi. Ikoboe tarehe ya mashindano ikikaribia.

SWALI: Mpwa wangu ameona video za watu wanafungia kahawa kwenye mapipa yasiyopitisha hewa, wengine wanatia nanasi. Anasema ndiyo inayoshinda. (Sinza)

JIBU: Pipa lililozibwa lenye mrija wa kutolea gesi ni njia halali, na waonjaji wengine huipenda. Nanasi ni habari nyingine: mashindano mengi hukataa kahawa iliyotiwa kitu chenye ladha yake, na muonjaji mzoefu huinusa kabla hajakaa. Hata pipa lenyewe, mpwa asianze nalo. Bila kupima joto na uchachu, saa chache za ziada hugeuza harufu ya matunda kuwa harufu ya kimea kilicholala. Ajaribu kwa kilo 20 za matunda, huku nyingine zote zikiandaliwa kwa kuoshwa kama tulivyoeleza. Sisi tunaona familia inayoweza kutoa kahawa safi ya kuoshwa misimu mitatu mfululizo iko mbele ya ile iliyopata bahati moja ndani ya pipa.

SWALI: Fomu yetu ilirudi na maneno pembeni: "siki", mwaka mwingine "gunia", na shemeji yangu wa Kigoma aliandikiwa "kiazi". Yana maana gani? (Mbagala)

JIBU: Muonjaji hataji kosa lako, anataja alichokisikia mdomoni. Kazi ya kurudi nyuma mpaka kwenye chanzo ni yako.

Siki maana yake uvundikaji ulipitiliza, au matunda yalikaa kwenye gunia usiku kucha kabla ya kumenywa. "Nyasi" au "bichi" ni matunda yaliyochumwa kabla ya kuiva, au kahawa iliyokobolewa mapema bila kupumzika. "Udongo" na "ukungu" hutoka chini: ilianikwa ardhini au kwenye turubai lililoshika maji, au ililowa usiku. Hiyo ichukulieni kwa uzito hata kama hamshindani, maana ukungu wa kahawa una sumu yake ambayo wanunuzi huipima. "Moshi" ni jiko. Kahawa ilihifadhiwa darini juu ya mafiga, jambo la kawaida sana kwenye nyumba za kijijini, na kahawa hunyonya harufu kama kitenge kilichoanikwa jikoni. "Gunia" au "karatasi" ni uzee: imekaa muda mrefu ikiwa imekobolewa, au penye joto na unyevu.

Kiazi ndiyo ngumu. Kikombe kinanuka kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Tatizo hili linajulikana zaidi Rwanda, Burundi na maeneo ya Maziwa Makuu, kwa hiyo la Kigoma halishangazi. Linahusishwa na kimatira, yule mdudu mwenye umbo la ngao mwenye madoa ya rangi ya chungwa na nyeupe, ambaye hudunga tunda na kuacha jeraha linaloingiza bakteria. Punje moja huharibu kikombe, na kwa macho haiko tofauti. Dawa yake ni shambani: pogoa mti uwe wazi katikati, kwani kimatira hupenda kichaka kizito chenye kivuli, mwokote asubuhi na mapema angali mzito, na usiruke hatua ya kuelesha matunda. Kwa dawa za kupulizia, muulizeni afisa ugani aje aone kwanza. Kupuliza kwa kubahatisha kunaua pia wadudu wanaomla.

SWALI: Sampuli hutumwa kwangu kwa basi kutoka Songwe, naiweka ndani wiki kadhaa hadi siku ya kuipeleka. Kuna ubaya? (Mbezi kwa Msuguri)

JIBU: Upo, tena mkubwa. Kahawa iliyokaushwa Mbozi hadi asilimia 11 ikifika Dar inakutana na hewa ya pwani. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hivi ndiyo huiacha kahawa ikae karibu na 11. Hewa yetu hupita hapo karibu mwaka mzima, na msimu wa masika ni zaidi. Ndani ya wiki chache kwenye mfuko wa kawaida kahawa hupanda hadi 13 au 14, rangi ya kijani yenye ubluu inafifia na kuwa nyeupe pembeni, na ladha inaanza kuelekea lile neno "gunia".

Kwanza, isitumwe mapema. Kama lazima, itumwe ikiwa na ganda lake gumu na ikobolewe baadaye. Pili, iwe ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kama ile ya PICS inayotumika kwa mahindi, au mifuko miwili mizito ya plastiki iliyofungwa kwa kukunja shingo, kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko. Iwekwe chumba chenye ubaridi, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Jokofu la nyumbani tunalikataa: kila likifunguliwa kuna mvuke, na kuna samaki.

Tatu, safari. Mzigo wa basi hukaa tumboni mwa gari pamoja na vitunguu, dagaa na dumu la mafuta ya taa la mtu. Kahawa inavuta vyote hivyo. Ndoo ya plastiki mpya yenye mfuniko unaokaza, na si ndoo iliyokuwa ya rangi. Mpokezi awepo Stendi ya Magufuli basi linapoingia, mzigo usilale ofisi ya vifurushi chini ya bati. Kiasi cha sampuli soma kwenye fomu ya waandaaji, lakini tuma kilo 1 zaidi. Ukaguzi wa kasoro peke yake hutumia gramu 350, na uchomaji unaweza kurudiwa.

SWALI: Naweza kuionja mwenyewe hapa nyumbani kabla ya kulipa ada? (Upanga)

JIBU: Unaweza, na ni busara. Choma gramu 100 kwa dakika 8 hadi 12, rangi iwe ya kahawia ya wastani. Usiichome ikawa nyeusi kama ya mzee wa birika na kashata pale Kariakoo. Ile tunaipenda na tangawizi yake, lakini uchomaji huo huficha mazuri na mabaya kwa pamoja. Iache ipumzike saa 8 au usiku mmoja. Chukua glasi 5 zinazofanana za mililita 200, pima gramu 11 za punje kwa kila moja, na usage kila glasi kivyake. Ukisaga zote pamoja, punje mbovu itagawanyika na hutajua iko wapi.

Maji yawe na joto la nyuzi 93. Dar maji huchemkia 100, kwa hiyo yaache yapoe kidogo. Ndugu yako akifanya hivyo Mbinga, kwenye mita 1,400 au 1,500, yeye amimine mara tu yanapochemka, kwa sababu kule yanachemkia 95 hivi. Mimina mpaka juu, subiri dakika 4, vunja utando kwa kijiko huku pua iko karibu, ondoa povu. Anza kuonja zikifika dakika 8 hadi 10, kwa kufyonza kwa nguvu na sauti kutoka kwenye kijiko. Aibu weka pembeni. Kisha rudia zikiwa vuguvugu, halafu zikiwa zimepoa kabisa. Kahawa mbaya hujificha kwenye moto. Huhitaji kujua kama inakumbusha ndimu au zabibu kavu. Tafuta jambo moja: glasi ipi si kama wenzake.

SWALI: Naweza kupanda kahawa Goba? Nina robo eka. (Goba)

JIBU: Arabika hapana. Inataka wastani wa nyuzi 18 hadi 22, na Goba mwezi wa pili ni 32 mchana na usiku haupoi. Mti utaota, utachanua hovyo na kukauka matawi. Robusta inavumilia joto, na miti miwili mitatu chini ya mwembe ukiimwagilia itakuzalia matunda ya kuwaonyesha watoto. Robo eka panda pasheni.

SWALI: Sisi ni wa Muleba. Mashindano haya ni ya arabika tu? Robusta yetu haina thamani? (Temeke)

JIBU: Ina thamani, na ina fomu yake. Robusta bora huonjwa kwa gramu 8.75 badala ya 8.25, na badala ya kutazama uchachu na utamu kama kwenye arabika, waonjaji hupima uchachu dhidi ya chumvi, na utamu dhidi ya uchungu. Kizingiti ni kilekile cha 80. Kabla hamjajiandikisha someni tangazo, maana kuna mashindano yanayopokea aina moja tu.

Kinachoiangusha robusta ya Kagera si mti. Ni kukwanyua tawi zima, mabichi na mbivu pamoja, na kuanika chini. (Mabichi yana kazi yake ya heshima Bukoba: hupikwa kwa majani yenye harufu, hukaushwa na kutafunwa na wageni. Hayana kazi kwenye gunia la mashindano.) Chuma mbivu tu, elesha, anika na maganda yake kwenye kichanja kwa kina cha tunda moja au mawili, geuza mara nyingi wiki ya kwanza, na ukubali kusubiri wiki 3 hadi 4. Ikitikiswa sikioni iwe inalia kama njuga.

Na kama mzee ameshauza butura, yaani kahawa imenunuliwa kwa bei ya kutupa ikiwa bado maua, hayo yote hayana maana. Aliyenunua anataka uzito, na anautaka haraka. Butura imepigwa marufuku, bado ipo, na haijawahi kutoa kahawa nzuri.

SWALI: Tukishinda, tunapata nini hasa? Chama chetu cha msingi kinachanganya kahawa ya kila mtu kwenye mzigo mmoja. (Mwenge, na wengine wawili)

JIBU: Swali hili lingepaswa kuulizwa kabla ya mengine yote. Alama hupewa mzigo, hazipewi familia. Kama kahawa yenu ya 86 imemwagwa pamoja na za majirani, iliyopo ghalani ni kahawa nyingine.

Kwa hiyo makubaliano na chama cha msingi yaandikwe kabla ya kuchuma: mzigo wenu utapokewa na kupimwa peke yake, utapewa namba yake, na kiwanda cha kukoboa kitaombwa kuukoboa peke yake. Viwanda vina kiwango cha chini cha kupokea mzigo wa pekee, kwa sababu mtambo mkubwa hubakiza kahawa ya mwingine ndani. Ulizeni kiwango hicho mapema. Mara nyingi gunia moja halifiki, na hapo familia sita au saba zenye nidhamu moja ziungane, zimenye na kuanika kwa utaratibu mmoja. Kuunganisha na mvivu mmoja ni kurudi kwenye ile punje moja kati ya sitini.

Upande wa soko, kahawa hupitia mnada unaosimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao Moshi, na yapo pia mauzo ya moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje kwa utaratibu na kibali cha Bodi. Mzigo wenye namba yake na alama zake huweza kuonjwa na kupewa bei yake. Lakini mpige hesabu ya meli. Kontena la futi 20 linalotoka bandari ya Dar es Salaam hubeba magunia 320 ya kilo 60, tani 19.2. Magunia yenu matano yatasafiri kwa kubebwa na ya wengine wa mnunuzi huyohuyo. Mnunuzi asiyechukua kitu kingine Tanzania hataweza kuyachukua, hata akiyapenda. Tafuteni ambaye tayari anapakia.

Kuhusu mashindano yenyewe, yatofautisheni. Cup of Excellence, iliyoanzia Brazil mwaka 1999 na kuingia Afrika kupitia Rwanda mwaka 2008, huuza kahawa zilizoshinda kwa mnada wa intaneti, hivyo alama hugeuka kuwa bei moja kwa moja. Taste of Harvest, ya chama cha kahawa bora cha Afrika, AFCA, hufanyika katika nchi wanachama na huwakutanisha wakulima na wanunuzi. Mashindano ya mkoa au ya chama kikuu huweza kuishia kwenye cheti na mbolea. Ulizeni kabla ya kulipa: nani anaonja, je waonjaji wanaona namba tu bila majina, fomu inarudishwa, na mzigo mzima utakaguliwa kuulinganisha na sampuli?

Mfano tunaoupenda ni wa jimbo la Minas Gerais, Brazil. Huko mashindano huendeshwa na shirika la ugani la serikali ya jimbo, Emater, na kahawa hugawanywa kwa maeneo manne na kwa namna ya uandaaji: zilizokaushwa na maganda zinashindana zenyewe, zilizomenywa zenyewe. Mkulima mdogo wa milima ya Matas de Minas hawekwi moja kwa moja na shamba la mashine la Cerrado Mineiro. Na kwa kuwa mwandaaji ni bwana shamba yuleyule, fomu ya alama hurudi kijijini ikiwa na mtu wa kuieleza. Ukumbi wa kutangazia washindi hata sisi tunao, lakini wa kuieleza fomu kijijini ni wachache.

SWALI: Tung'oe mibuni ya babu tupande mipya ya watafiti? (Ubungo, shamba liko Rombo)

JIBU: Msing'oe yote. Mibuni ya zamani ya Bourbon na Kent, pamoja na N39 na KP423 zilizotokana nayo, ina ladha nzuri lakini chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda, na kutu ya majani huimaliza, na gharama ya dawa hula faida. Aina mpya za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, zimerithi ukinzani kutoka kwa mibuni kama Hibrido de Timor na Rume Sudan, na zikichumwa vizuri zinafika mezani bila aibu. Badilisheni mstari kwa mstari, theluthi moja ya shamba kwanza, na kahawa ya kila aina iandaliwe peke yake misimu miwili mionje tofauti. Miche ichukuliwe kwenye kituo cha TaCRI au kitalu kilichothibitishwa: kaskazini ni Lyamungo, Mbinga ni Ugano, Mbozi ni Mbimba, Bukoba ni Maruku. Mche wa barabarani wenye jina zuri unaweza kuwa ni mbegu iliyookotwa chini ya mti wa jirani, na hilo utaligundua mwaka wa tatu.